Mate, Msongo wa Oksidishaji na Saratani ya Matiti: Kipimo Hiki Kinatuambia Nini?

Wengi wangependa kipimo cha saratani ya matiti kisicho na sindano wala kisu: kutema mate kidogo katika kichupa, kisha kusubiri jibu. Watafiti wa nchi mbalimbali wanalichunguza jambo hili. Somo hili linaeleza kinachopimwa katika mate, kwa nini matokeo yake hayatoshi kuthibitisha wala kukanusha saratani, na afanye nini leo mama wa Kwa Sadala aliyegusa uvimbe katika titi lake.

Msongo wa oksidishaji ni nini?

Seli hutumia oksijeni kuzalisha nguvu. Katika kazi hiyo hutokea molekuli zisizotulia, ziitwazo radikali huru, ambazo hunyang'anya elektroni za molekuli jirani na kuziharibu. Mwili una walinzi wake: vimeng'enya kama katalasi, vitamini C na E, na asidi ya yuriki, ambayo ni mlinzi mkuu ndani ya mate. Radikali zinapowazidi walinzi hao, hali hiyo huitwa msongo wa oksidishaji. Hali hii huonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa saratani ya matiti.

Kinachopimwa katika mate

Mate ni maji kwa takribani asilimia 99. Sehemu ndogo iliyobaki ina chumvi, protini na molekuli nyingine, ambazo baadhi yake hupenya kutoka katika damu inayozilisha tezi za mate. Viashiria vinavyotafutwa zaidi ni vitatu. Cha kwanza ni malondialdehidi, mabaki ya mafuta ya utando wa seli yaliyoharibiwa. Cha pili ni vipande vya DNA vilivyoharibiwa na radikali. Cha tatu ni uwezo wa jumla wa mate kuzizima radikali hizo. Kwa mfano, malondialdehidi ikichanganywa na asidi ya thiobabituriki hutoa rangi ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kiwango kilivyo kikubwa.

Kwa nini kipimo hiki hakitoshi?

Viashiria hivi hueleza kwamba kuna uharibifu. Havisemi umetokea wapi. Tuwafikirie wanawake wawili. Wa kwanza ana saratani changa ya titi, na fizi zake ni nzima. Wa pili hana saratani, lakini fizi zake hutoka damu kila apigapo mswaki. Mate ya huyu wa pili yanaweza kuonyesha msongo mkubwa kuliko ya yule mgonjwa. Kisukari, sigara na pombe, mbege ikiwamo, navyo huweza kubadili matokeo. Isitoshe, hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kutenganisha mwenye saratani na asiye nayo.

Hatari ziko mbili. Mwenye saratani anaweza kuambiwa yu salama, akarudi nyumbani na uvimbe unaokua. Asiye nayo anaweza kutiwa hofu, akauziwa vidonge vya kupunguza radikali. Kushusha kiashiria si kutibu saratani. Anayepata kemotherapi au mionzi asianze vidonge hivyo kabla ya kushauriana na daktari wake.

La kufanya sasa

Mwanamke aonapo uvimbe katika titi au kwapani, chuchu iliyoingia ndani, majimaji ya damu kutoka kwenye chuchu, au ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Asisubiri maumivu, kwa kuwa saratani changa mara nyingi haiumi. Umri mdogo si kinga.

Mhudumu ayapime matiti yote mawili na makwapa kwa mkono, aandike alichokiona, na atoe rufaa. Kwa mkazi wa Kwa Sadala, njia hupitia hospitali ya wilaya ya Hai, Bomang'ombe, hadi KCMC mjini Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Utambuzi husimama juu ya nguzo tatu: uchunguzi wa mkono, picha, yaani altrasaundi au mamografia, na kinyama kinachochukuliwa kwenye uvimbe na kupimwa maabara. Kuchukua kinyama hakusambazi saratani. Bila jibu lake daktari hawezi kuchagua tiba iliyo sahihi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa saratani ya matiti unaotaka utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza kwa mhudumu. Kwa hiyo mhudumu asiishie kuandika rufaa. Achukue namba ya simu ya mgonjwa, ampigie baada ya wiki mbili, na amwulize swali moja: kinyama kimechukuliwa? Jibu likiwa hapana, aulize kilichomzuia, iwe nauli, hofu au ruhusa ya nyumbani, na amsaidie kupanga siku nyingine ya kwenda.