Soma Tairi Kabla ya Kununua Jingine: Somo kwa Wenye Magari Yaliyoshushwa

Gari lililoshushwa linapendeza, hilo halina ubishi. Kwenye maegesho ya vyuo vya Iringa na Mbeya zipo IST, Vitz na Altezza zilizokaa chini, na wengi wetu tunatamani ya kwetu ikae hivyohivyo. Shida huanza miezi michache baadaye. Matairi ya mbele yanaisha ukingo wa ndani, huku wa nje bado una kashata nzuri. Mwenye gari anaingia mfukoni, anafunga matairi mengine, nayo yanaisha vilevile.

Ndugu msomaji, tairi likiisha upande mmoja linakuonyesha kitu kinachoendelea kwenye gari. Ukilitupa bila kulisoma umetupa ushahidi, na ugonjwa umebaki palepale.

Kwa nini tulichukulie kwa uzito

Gari likishushwa, fenda hulifunika tairi kwa juu na ukingo wa ndani hauonekani kabisa. Mtu anazunguka gari, anapiga teke tairi, anaona kashata za nje, anasema "lipo fresh". Kumbe ndani waya zimeshatokeza.

Sasa fikiria mmefunga chuo. Mko watano na mabegi, mnatoka Iringa kwenda Igowole. Mpaka Mafinga ni kama kilomita 80, mnapishana na malori ya TANZAM, kisha mnasonga mbele hadi Nyololo na kuacha barabara kuu. Mufindi mvua na ukungu si wageni. Upande wa tairi wenye kipara hauna mifereji ya kutoa maji, kwa hiyo kwenye lami iliyolowa tairi hushika vibaya, hasa mkifunga breki ya ghafla. Likifika kwenye waya, linaweza kupasuka likiwa kwenye mwendo, na ndani mpo watu watano.

Namna ya kulisoma

Egesha sehemu tambarare na kata usukani hadi mwisho ili ukingo wa ndani wa tairi la mbele uonekane. Washa tochi ya simu. Matairi ya nyuma hayakati kona, hivyo itakubidi uiname au ulifungue tairi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kisha linganisha na haya:

1. Limeisha katikati, kingo zote mbili nzima: upepo umezidi.

2. Limeisha kingo zote mbili, katikati pazima: upepo mdogo.

3. Limeisha ukingo mmoja, na ukipapasa ni laini: tairi limelala. Mafundi wa alaimenti huita kemba.

4. Ukipitisha kiganja kwa upana wa tairi, kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya msumeno: tairi halielekei mbele sawasawa. Hii huitwa too. (Kama waya zimetokeza, usipapase, zitakuchana.)

5. Lina mabonde mabonde kuzunguka duara lake: shokapu zimechoka au tairi halijabalansiwa.

6. Tairi moja tu limeisha vibaya na mwenzake mzima: tafuta boli jointi iliyolegea, bushi iliyokufa, au kifaa kilichopinda baada ya kuingia shimoni.

7. Ukingo wa nje umekwanguliwa au kukatwa: tairi linagusa fenda, hasa gari likibeba watu.

Dalili mbili zinaweza kukaa kwenye tairi moja. Kwa gari lililoshushwa, namba 3 na namba 4 mara nyingi hutembea pamoja.

Kosa halisi liko wapi

Ukishusha gari, mikono inayoshika magurudumu hubadilisha pembe. Kwa magari mengi juu ya tairi huingia ndani kidogo na chini hutoka nje, ndiyo maana uzito unahamia ukingo wa ndani. Hapo wengi husema, "Ni kemba hiyo, ndiyo gharama ya kushusha," na kuishia hapo.

Lakini kemba ndogo peke yake hula tairi polepole. Mlaji mkubwa ni too. Fimbo ya usukani na mkono wa chini havizunguki kwenye duara moja, kwa hiyo gari likishuka, fimbo hulisukuma au kulivuta tairi na kulibadilishia uelekeo. Mbele ya matairi ikipanuka, ukingo wa ndani ndio unaoliwa, na ikibana, wa nje. Ongeza kemba juu ya matairi yaliyopanuka, na ukingo wa ndani unaliwa mara mbili.

Tupige hesabu rahisi. Chukua tairi lililokengeuka kwa nyuzi 0.5. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 60, hiyo ni tofauti ya milimita 5 tu kati ya mbele na nyuma yake, jicho haliwezi kuiona. Sine ya nyuzi 0.5 ni 0.0087. Maana yake, katika kila kilomita moja tairi linaburuzwa kiubavu kama mita 8.7. Iringa hadi Mafinga, kilomita 80, ni karibu mita 700. Chukua raba ya kufutia uiburuze mita 700 juu ya lami, halafu uniambie imebaki kiasi gani.

Mpangilio wa matibabu

Kwanza, pima upepo matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pili, fundi akague boli jointi, tairodi, bushi na shokapu. Kufanya alaimenti kwenye boli jointi iliyolegea ni kupoteza hela, vipimo havitakaa. Tatu, angalia springi. Zile zilizokatwa kwa grainda huwa ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia zinaweza kuchomoka kwenye kikalio. Zilizochomwa kwa gesi zimeharibiwa chuma chenyewe. Zote hizo ondoa, tafuta springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako.

Nne ndiyo alaimenti, gari likiwa kwenye kimo chake cha kila siku. Kama kwa kawaida mnapanda wanne, mwambie fundi, maana gari likijazwa linashuka zaidi na pembe zinabadilika tena. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kama kemba ya mbele imekataa kurudi, zipo bolti maalumu za kuirekebisha. Ila IST nyuma ina boriti moja isiyo na marekebisho ya kawaida, kwa hiyo tairi la nyuma likiisha upande mmoja, uliza kama boriti imepinda.

Mwisho kabisa ndipo ununue matairi. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma kunasogeza tu siku ya kuishiwa, hakutibu.

Kwa anayetaka kununua gari la mtumba lililoshushwa, haya yote yanakuhusu kabla hujatoa hela. Matairi mapya manne yasikulevye, inawezekana ushahidi umeondoka na yale ya zamani. Ulizia yaliyotolewa yako wapi, au dai gari lipimwe alaimenti ukiwepo.

Wiki hii, kabla ya mitihani kutubana, toka na tochi ya simu, kata usukani, angalia ukingo wa ndani. Ni dakika tano. Na kama lifti ya kwenda nyumbani ni ya mshikaji, angalia la kwake pia. Utakuwa umekaa humo ndani.