Mtoto wa Mbwa wa Aina Kubwa: Nunua kwa Kupima, Mlee kwa Subira

Familia nyingi za mijini hapa Tanzania hununua mbwa wa aina kubwa kwa ajili ya ulinzi wa nyumba. Wapo wanaomtafuta Boerboel, mbwa mwenye asili ya Afrika Kusini. Wapo wanaopendelea Great Dane, Mastiff au Saint Bernard. Wote huuzwa wakiwa na umri wa wiki chache, wakati ambapo mtoto hubebeka kwa mikono miwili na hula bakuli dogo la chakula. Katika hali hiyo ni rahisi mnunuzi kusahau kwamba anachonunua hasa ni mnyama atakayekuwapo miezi 18 baadaye.

Somo hili linamhusu mlaji anayekusudia kununua mtoto wa mbwa wa aina hiyo, au ambaye tayari anaye nyumbani. Tunakusudia kuonesha jambo moja kuu: mbwa mkubwa haharibiwi na njaa peke yake, mara nyingi huharibiwa na haraka ya mwenyewe ya kutaka awe mkubwa mapema. Haraka hiyo hugharimu fedha, na wakati mwingine humgharimu mbwa miguu yake.

1. Unanunua nini hasa?

Mtoto wa Great Dane mwenye wiki 8 aghalabu hazidi kilo 10 hivi. Dume aliyekomaa huwa na kilo 60 hadi 80, yaani uzito wa mtu mzima. Mbwa mdogo hukamilisha ukuaji wake anapokaribia mwaka mmoja. Mbwa wa aina kubwa sana huendelea kukua hadi miezi 18 au 24. Kwa hiyo, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au zaidi, utakuwa na mnyama mwenye mwili wa mbwa mzima na akili ya mtoto: anayerukia wageni kwa furaha, anayetafuna viatu, na anayeweza kumwangusha mtoto au mzee bila kukusudia.

Swali la kwanza la mnunuzi, basi, lisiwe “Anauzwa kiasi gani?” bali “Akikomaa atakuwa na kilo ngapi?” Chakula, dawa ya minyoo, dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, banda na hata usafiri wa kumpeleka kwa daktari, vyote hufuata uzito huo.

2. Kabla ya kutoa fedha

Tunamshauri mnunuzi azingatie mambo haya:

(a) Mwone mtoto kwa macho yako, pamoja na mama yake, mahali alipozaliwa. Usitume malipo ya awali kwa simu kwa kutegemea picha. Picha moja inaweza kuoneshwa kwa wanunuzi kumi.

(b) Mtoto asiachanishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8.

(c) Watazame wazazi wakitembea. Ulegevu wa nyonga ni tatizo linalorithiwa, na mzazi anayechechemea ni onyo tosha.

(d) Dai kadi ya chanjo yenye tarehe, jina la chanjo, na sahihi na mhuri wa daktari wa mifugo. Kauli ya muuzaji kwamba “amechanjwa zote” si ushahidi. Mtoto wa wiki 8 hawezi kuwa amemaliza chanjo zote.

(e) Pata stakabadhi na makubaliano ya maandishi yanayotaja aina ya mbwa, tarehe ya kuzaliwa, bei, na muda ambao mnunuzi anaruhusiwa kumrudisha iwapo daktari atagundua ugonjwa. Yaandikwe pia yale muuzaji aliyoahidi kwa mdomo.

3. Chakula: kukua haraka si kukua vizuri

Wengi wetu tumezoea kumsifu mtoto wa mbwa aliyenenepa. Kwa mbwa wa aina kubwa, sifa hiyo ni hatari. Mifupa yake hurefuka kwa kasi kabla haijawa migumu. Uzito ukizidi wakati huo, viungo hubeba mzigo visivyouweza, na matokeo yake ni maumivu ya mabega, viwiko na nyonga ambayo huenda yakabaki maisha yote.

Namna ya kupima ni rahisi. Pitisha vidole ubavuni mwa mbwa. Unapaswa kuzihisi mbavu bila kukandamiza, na ukimtazama kwa juu uone kiuno kilichoingia kidogo. Mbavu zisipohisika, punguza chakula. Zikionekana kwa mbali pamoja na mifupa ya mgongo, muone daktari wa mifugo.

Kosa la pili ni kuongeza madini ya kalsiamu. Madukani huuzwa unga na vidonge vinavyonadiwa kwamba huimarisha mifupa. Ukweli ni kwamba mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6 hana uwezo mzuri wa kuzuia kalsiamu inayozidi isiingie mwilini. Ikizidi, mifupa hukua vibaya na miguu hupinda. Anayelishwa chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa hahitaji nyongeza hiyo; anayeinunua analipia madhara.

Vipi kuhusu chakula cha nyumbani? Ugali mtupu au pumba na maji ya nyama havitoshi: vina upungufu wa kalsiamu na protini, na upungufu nao hulemaza mifupa. Nyama isiyo na mfupa, ikilishwa peke yake, ina kasoro hiyohiyo ya kalsiamu. Dagaa wakavu, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi. Wakiongezwa juu ya chakula kamili cha dukani pamoja na unga wa mifupa, kiwango hupita kiasi. Ikiwa uwezo wako ni chakula cha nyumbani, mwombe daktari wa mifugo akupangie vipimo, kisha uvifuate kwa kupima, si kwa kukadiria.

Mahindi au unga ulioota ukungu usimpe mbwa kwa kudhani kwamba tumbo lake litahimili. Sumukuvu huharibu ini la mbwa na inaweza kumuua. Makombo ya pilau na mchuzi wenye vitunguu huharibu chembe za damu yake, na mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

4. Kusoma lebo na kupiga hesabu

Kwenye mfuko wa chakula tafuta mambo manne: kwamba ni chakula kamili, si kitafunio cha kuongezea, kwamba kinafaa kwa watoto wa mbwa wanaotarajiwa kuwa wakubwa, kiasi cha kalsiamu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa mwongozo unaofuatwa Marekani, chakula cha watoto wa mbwa wanaotarajiwa kufikia takriban kilo 32 au zaidi hakipaswi kuwa na kalsiamu inayozidi asilimia 1.8 ya chakula kikiondolewa maji. Chakula kilichopimwa kutoka gunia lililofunguliwa dukani hakina lebo, na mnunuzi hana namna ya kujua anachokilipia.

Kisha piga hesabu. Tuchukue mfano wa mbwa ambaye lebo inaelekeza apewe gramu 600 kwa siku. Mfuko wa kilo 15 una gramu 15,000. Gawanya kwa 600: mfuko utadumu siku 25. Maana yake, kwa mwaka utahitaji mifuko 15 hivi. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya mfuko mmoja dukani kwako. Ifanye hesabu hii kabla ya kununua mbwa. Ikiwa jumla inazidi uwezo wa kaya, ni heri kuchagua mbwa wa wastani anayeshiba kuliko mkubwa anayelala na njaa.

Chakula cha siku kigawanywe mara tatu akiwa mdogo, na mara mbili akishakuwa mkubwa.

5. Dawa na chanjo hufuata uzito na umri

Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito. Ikiwa lebo inasema kidonge kimoja kwa kila kilo 10, mtoto aliyepewa kidonge kimoja alipoletwa atahitaji vitatu akifikisha kilo 30, na hilo hutokea ndani ya miezi michache tu. Mpime kila mwezi. Akiwa mdogo, panda mizani ukiwa umembeba, kisha utoe uzito wako. Akishindwa kubebeka, tumia mizani ya kliniki ya mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiitumie kwa mbwa bila maelekezo ya daktari.

Chanjo dhidi ya parvo na distemper huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, na hurudiwa kama daktari atakavyopanga. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua.

6. Sakafu, joto na malezi

Sakafu ya marumaru huteleza, na kila anapoteleza viungo vinavyokua huumia. Tandika mkeka au zulia lisiloteleza mahali anapolala na anapopita. Asilazimishwe kukimbia kando ya baiskeli wala kuruka kutoka kwenye gari kabla hajakomaa. Matembezi mafupi na mchezo wa hiari vinatosha.

Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, mbwa mwenye manyoya mazito kama Saint Bernard huteseka zaidi. Ahitajiye kuishi naye ampe kivuli, maji safi muda wote, na matembezi ya alfajiri au jioni. Anayehema kwa nguvu, kuyumba na kutoa mate mengi anahitaji kupozwa kwa maji ya kawaida na kupelekwa kwa daktari mara moja.

Adabu ifundishwe akiwa na kilo 10, kwa kuwa akiwa na kilo 60 hutaweza kumzuia kwa nguvu. Asiruhusiwe kurukia watu hata kama leo inafurahisha. Azoeshwe watu, watoto, pikipiki na kelele. Kumfunga mnyororo mchana kutwa tangu utotoni hakumfanyi mlinzi bora. Humfanya mwoga, na mbwa mwoga huuma ovyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili.

7. Dalili zisizosubiri asubuhi

Mbwa wenye kifua kirefu, hasa Great Dane, wamo hatarini kupata ugonjwa wa tumbo kujaa gesi na kujipinda. Dalili zake ni tumbo kuvimba na kukaza, kujaribu kutapika bila kutoa kitu, mate kutiririka na kutotulia. Ugonjwa huu huua kwa saa chache na hauna dawa ya nyumbani. Jua mapema ni kliniki gani hupokea wagonjwa usiku, na mtatumia usafiri gani.

8. Ukipata hitilafu

Mpeleke mtoto kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa ndani ya siku chache baada ya kumnunua, hata kama anaonekana mzima. Daktari akigundua kasoro, omba maelezo yake kwa maandishi, mjulishe muuzaji mara moja kwa ujumbe unaohifadhika, na tunza stakabadhi, kadi na picha. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani kinapaswa kulingana na maelezo hayo. Aliyeuziwa chotara kwa jina la Boerboel ana haki ya kudai, lakini dai lake litasimama juu ya karatasi alizonazo.

Maswali ya kujipima

1. Mbwa ninayemtaka atakuwa na kilo ngapi akikomaa, na mfuko mmoja wa chakula utamtosha siku ngapi?
2. Je, ninazihisi mbavu zake leo?
3. Je, kuna kitu ninachoongeza kwenye chakula chake ambacho daktari hakukielekeza?
4. Ikitokea dharura saa nane usiku, nitampeleka wapi?

Mlaji anayeweza kuyajibu maswali haya manne kabla ya kutoa fedha yuko tayari kununua. Asiyeweza bado ana muda: kusubiri mwezi mmoja hakumgharimu chochote.