Nyanya za Muda Mfupi: Tuhesabu Tokea Siku Gani?



Mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu hapa Muheza alinijia na pakiti ya mbegu mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Hapa wameandika siku 75. Nikisia leo, nyanya nitauza lini?" Ilikuwa tarehe 20 Septemba. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhesabu, akapata tarehe 4 Desemba, na kwa hesabu hiyo alikuwa amemwahidi fundi cherehani kwamba katikati ya Desemba atalipa sare za mwanawe anayekwenda kidato cha kwanza.

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu, keti kwanza." Kwa maana hesabu hiyo iliwahi kuniaibisha mbele ya wakwe zangu. Mwaka alipoolewa binti yangu niliahidi kwamba nyanya za karamu hazitanunuliwa sokoni. Nilisia mbegu tarehe 20 Mei, nikahesabu siku 75 kwenye kalenda ya ukutani, nikaangukia 3 Agosti. Arusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi huo. Siku ilipofika nyanya zangu zilikuwa nyingi, nono, na kijani kama mapera machanga. Tukanunua matenga mawili sokoni kwa bei ya Ijumaa jioni. Nami nilikuwa mwalimu wa hesabu!

Kosa lilikuwa mwanzo wa kuhesabu. Siku zinazoandikwa kwenye pakiti za nyanya kwa kawaida huanza siku mche unapohamishiwa bustanini, wala si siku mbegu inapotiwa ardhini. Kitaluni mche hukaa majuma manne au matano. Basi mbegu ya 20 Septemba itahamishwa kama 20 Oktoba, na siku 75 tokea hapo ni 3 Januari. Jumla yake ni siku 105. Fundi angengoja, na mtoto angekwenda shule na sare ya kuazima.

Mbegu aliyokuwa nayo ni Cal-J, ambayo wengi wetu tunaijua: nyanya fupi, tunda lake gumu kidogo na lenye nyama, linalovumilia safari ya kwenda sokoni. Ikilinganishwa na Money Maker, ile ndefu inayotaka mti wa kuegemea, Cal-J huwahi. Kuwahi huku si kwa ajili ya mfuko tu. Kila juma ambalo nyanya inakaa bustanini ni juma jingine la kupigwa na ukungu wakati wa mvua, na la kuliwa na kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye funza wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda. Mmea unaomaliza kazi yake mapema huponyoka baadhi ya hayo. Lakini hauponyoki yote, na mvua za vuli zikiwa nyingi hata Cal-J huungua majani.

Tukafikiri pamoja, tukaona dawa ya shida yake ni kununua miche iliyo tayari. Kuna kijana bondeni anayeotesha ya kuuza. Tulichagua yenye urefu wa shibiri moja hivi, shina nene, bila ua hata moja, na tukageuza kila jani kutazama chini yake kama kuna wadudu. Mche mrefu mwembamba wenye maua tuliuacha, ingawa mwuzaji aliusifu, kwa sababu mche uliozeeka kitaluni hudumaa ukihamishwa. Miche ile aliipanda jioni ya tarehe 28 Septemba. Hesabu yake sasa inaanguka 12 Desemba.

Mwenye nafasi ya kuotesha mwenyewe na apime mbegu kwanza. Weka mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, ukifunge, usikiache kikauke. Baada ya juma moja hesabu zilizochipua. Zikiwa 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 10, sia maradufu. Kitaluni zifukie kina cha sentimeta moja tu. Siku za mwisho kabla ya kuhamisha punguza maji na kivuli ili miche izoee jua.

Shimo la mche litiwe konzi mbili za samadi iliyooza vizuri. Kati ya mche na mche acha sentimeta 45, na kati ya mistari sentimeta 60. Msipande mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo msimu uliopita, kwani hao ni ndugu na magonjwa yao ni mamoja.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi hujipunguzia mavuno kwa bidii yao wenyewe. Tumezoea kukata vichipukizi vinavyotoka kwapani mwa majani. Kwa Money Maker ni sawa, kwa kuwa ile huendelea kurefuka na kuzaa juu, juu, juu. Cal-J haifanyi hivyo. Shina lake likifikia kimo chake hukoma, na sehemu kubwa ya matunda hubebwa na yale matawi ya pembeni. Ukiyakata, umekata nyanya. Ondoa tu majani ya chini yanayogusa udongo, na utandaze nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe matope juu ya mmea.

Maji yamwagwe shinani, asubuhi, kwa kipimo kisichobadilika-badilika. Bustani ikiachwa ikauke siku nne kisha ikafurikishwa, utaona kitako cha tunda kimeingia weusi na kubonyea. Wengi hukimbilia bomba la dawa, lakini huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa chokaa ya kutosha kwa sababu maji hayakuja kwa utaratibu.

Na kwa kuwa nyanya fupi huiva karibu zote kwa pamoja, katika majuma machache, mama huyu alipanda nusu ya miche Septemba na nusu nyingine baada ya majuma matatu. Akiuza zote kwa mkupuo, atauza kwa bei ya chini. Zile zitakazoanza kugeuka rangi anaweza kuzichuma na kuzivundika ndani pamoja na ndizi mbivu moja au mbili. Zitaiva bila kungoja jua.

Cal-J si chotara, kwa hiyo mbegu yake yaweza kuhifadhiwa. Chagueni mti uliozaa vizuri na usio na ugonjwa. Kamueni mbegu za matunda yaliyoiva kabisa katika kikombe, ziache zichachuke siku mbili au tatu hadi ule utelezi uachane nazo, kisha zioshwe na kuanikwa kivulini juu ya sahani, wala si juu ya karatasi, maana zitagandamana nayo. Andikeni jina na tarehe kwenye bahasha.