Somo la Nne: Kumtambua Muuzaji Asiyeaminika wa Mafuta ya Mimea Mtandaoni

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza: (a) kutofautisha sifa tupu na maelezo yanayoweza kuhakikiwa, (b) kutambua dalili za udanganyifu katika jina, bei, madai na chupa ya mafuta, (c) kujikinga wakati wa kulipa na wakati wa kupokea, na (d) kuchukua hatua zifaazo akiwa ameshadanganywa.

Utangulizi

Mnunuzi wa manukato sokoni alikuwa na mashahidi watatu: macho, pua na jirani. Aliifungua chupa, akainusa, akapaka tone moja mkononi, akamwuliza aliyewahi kununua. Na akiona amepunjwa, alijua duka lilipo. Biashara ya mtandaoni imemwondolea mashahidi hao. Picha ya chupa haina harufu, na sifa zilizoandikwa chini yake huenda zimeandikwa na muuzaji mwenyewe. Anayenunua mafuta kwa simu, kabla ya kununua mafuta, ananunua neno la muuzaji. Basi swali letu ni hili: neno la namna gani linastahili kuaminiwa?

Mafuta tunayoyazungumzia ni mafuta tete, yaani yale yenye harufu kali yanayokenekwa kutoka kwenye maua, majani, magome au mizizi, au kukamuliwa kwenye maganda ya matunda. Miongoni mwake ni mafuta ya karafuu, mchaichai, mdalasini, mkaratusi, mnanaa, waridi na lavenda. Si mafuta ya kupikia, wala hayafanani na mafuta ya nazi au alizeti. Ni makali sana, na matone machache hubeba nguvu ya mmea mwingi.

Tuchukue mfano

Mama mmoja ana mtoto wa miaka miwili anayekohoa kwa siku ya tatu. Usiku, akiwa na simu mkononi, anakutana na tangazo hili: "Mafuta ya mkaratusi, asilia asilimia 100, daraja la tiba. Yanatibu kikohozi, pumu, nimonia, presha na kisukari. Matone matano kwenye maji ya kunywa, hata kwa watoto. Zimebaki chupa sita tu! Shilingi 10,000 badala ya 45,000. Tuma fedha sasa."

Mama akituma fedha, mambo matatu yanaweza kumfika. La kwanza, chupa isije kabisa. Atakuwa amepoteza shilingi 10,000. La pili, chupa ije ikiwa na mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu ya viwandani. Atakuwa amepoteza fedha, na pengine siku ambazo mtoto mwenye nimonia alipaswa kuwa hospitalini. La tatu ndilo ambalo wengi hawalifikirii: chupa ije ikiwa na mafuta halisi ya mkaratusi, naye ayafuate maelekezo ya tangazo. Mafuta ya mkaratusi yakinywewa, hata kiasi cha kijiko cha chai, yanaweza kumtia mtoto mdogo degedege na kumpotezea fahamu. Kwa hiyo mafuta halisi mikononi mwa muuzaji mwongo yanaweza kudhuru kuliko mafuta ya bandia. Ndiyo sababu hatuchunguzi chupa peke yake, bali tunamchunguza pia anayeiuza.

1. Jina la mafuta

Muuzaji mwaminifu hutaja mmea gani, sehemu gani ya mmea na nchi gani. Jina la kawaida halitoshi. "Mkaratusi" ni jina la miti mingi. Eucalyptus globulus hutoa mafuta tofauti na mkaratusi wenye harufu ya limau, Corymbia citriodora. "Mdalasini" unaweza kuwa Cinnamomum verum au Cinnamomum cassia. Ndiyo maana lebo nzuri huandika jina la kisayansi.

Karafuu ni mfano ulio karibu nasi. Mmea ni mmoja, Syzygium aromaticum, lakini mafuta yake ni ya namna tatu: ya karafuu zenyewe, ya makonyo na ya majani. Viwango vya kimataifa vya ISO huyatenganisha, na bei zake si sawa. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, kinajulikana kwa kukeneka mafuta ya makonyo, na hakuna aibu yoyote katika mafuta hayo. Ni bidhaa halali yenye soko lake. Udanganyifu huanza pale mafuta ya makonyo au ya majani yanapouzwa kwa jina na bei ya mafuta ya karafuu.

Kwa hiyo mwulize muuzaji swali moja tu: "Mafuta haya ni ya karafuu, ya makonyo au ya majani?" Mwaminifu atajibu, au atasema, "Sijui, nitamwuliza aliyenikenekea." Asiyeaminika atajibu, "Ni orijino, dada, usiogope." Jibu hilo la mwisho si jibu.

2. Bei

Mimea haitoi mafuta kwa kiasi kimoja. Kilo 100 za karafuu kavu huweza kutoa takriban kilo 15 hadi 20 za mafuta. Lakini kilo moja tu ya mafuta ya waridi huhitaji takriban tani tatu hadi tano za maua. Haiwezekani basi mafuta ya waridi na ya karafuu yauzwe kwa bei moja. Ukiona orodha ya mafuta ishirini, chupa zote ujazo mmoja na bei moja, fahamu kwamba angalau baadhi yake yamechakachuliwa au ni harufu ya viwandani. Huhitaji maabara kulitambua hilo. Orodha ya bei yenyewe inatosha.

Msandali unahitaji tahadhari ya ziada. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali wa Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu 2013 biashara ya kimataifa ya mti huo kutoka nchi zetu inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mafuta ya msandali yanayouzwa kwa bei ya kutupa, bila maelezo ya asili yake, ama si ya msandali, ama ni ya magendo.

3. Madai ya tiba

Maneno "daraja la tiba" hayana maana ya kisheria wala ya kisayansi. Hakuna chombo huru kinachotoa daraja hilo. Ni maneno ya wafanyabiashara. Neno "asilia" nalo si kinga. Mafuta ya karafuu ni asilia, nayo yakimezwa na mtoto kwa wingi yanaweza kuharibu ini lake.

Jihadhari zaidi na chupa inayotibu kila kitu. Mwaka 2014, wakati Ebola ikiua watu Afrika Magharibi, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizitumia kampuni kubwa za mafuta haya barua za onyo, kwa sababu wasambazaji wao walikuwa wakidai mtandaoni kwamba mafuta hayo yanakinga au kutibu Ebola na maradhi mengine. Hizo zilikuwa kampuni zenye majina na ofisi. Pima basi neno la mtu asiye na jina wala ofisi.

Muuzaji anayekuambia unywe mafuta tete, uyapake bila kuyazimua, umtie mtoto mchanga puani, au uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mwache hapo hapo, hata kama mafuta yake ni mazuri. Mwaminifu husema pia bidhaa yake haifai kwa nani: watoto wadogo, wajawazito, au mwenye pumu.

4. Chupa na lebo

Mafuta tete huharibiwa na mwanga, na mengi yake hula plastiki. Hufungashwa katika chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, yenye kifuniko kinachobana. Omba picha ya lebo iliyo wazi, mbele na nyuma. Lebo iwe na jina la mmea, ujazo, jina na anuani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi na tahadhari. Iwapo mafuta yamezimuliwa kwa mafuta ya nazi au mengineyo, hilo nalo liandikwe. Kuzimua si kosa, kuficha ndiko kosa.

Muuzaji akisema mafuta yake yamepimwa maabara, omba hati ya uchunguzi, kisha linganisha namba ya toleo iliyo kwenye hati na iliyo kwenye chupa. Hati isiyo na namba hiyo, au yenye namba nyingine, inathibitisha ubora wa chupa ya mtu mwingine.

5. Muuzaji na malipo

Katika Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe kwa mnunuzi. Usione haya kuuliza jina la biashara, mahali ilipo na namba ya usajili. Majina ya biashara na kampuni zilizosajiliwa Tanzania Bara yanaweza kutafutwa kwa BRELA.

Kabla ya kuthibitisha malipo kwa simu, soma jina linalojitokeza. Biashara inayojiita kwa jina moja na kupokea fedha kwa jina la mtu mwingine inapaswa kukueleza sababu. Pale inapowezekana, lipa baada ya kupokea, au nunua kwanza chupa moja ndogo. Na anayekuharakisha kwa "zimebaki sita tu" jaribu kumtembelea tena baada ya wiki. Mara nyingi utazikuta zile sita bado zimebaki. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

6. Mafuta yakifika

Fungua chupa mbele ya aliyeileta, ikiwezekana, na upige picha. Kisha fanya majaribio mawili mepesi.

Kwanza, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe na uliache kwa siku nzima. Mafuta tete mengi hugeuka mvuke, yakaacha alama hafifu au yasiache kabisa. Doa la mafuta linalobaki, kama la andazi kwenye gazeti, ni dalili ya kuchanganywa na mafuta mazito.

Pili, kwa mafuta ya karafuu, dondosha matone machache katika glasi ya maji na uyakoroge taratibu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji kidogo, lita moja ikiwa na takriban kilo 1.04, kwa hiyo huzama. Yakielea, yana kitu kingine ndani yake. Mafuta mengine mengi tete huelea, basi usiyahukumu kwa kipimo hiki.

Majaribio haya hufichua udanganyifu wa wazi tu. Hayawezi kutenganisha karafuu na makonyo, wala kugundua harufu ya viwandani iliyotengenezwa kwa ustadi. Kufaulu kwake si ruhusa ya kunywa mafuta.

7. Ukiwa umedanganywa

Usifute mazungumzo kwa hasira au kwa aibu. Hifadhi tangazo, ujumbe, namba ya simu, ujumbe wa muamala, chupa na kifungashio. Kumbukumbu za kielektroniki zinakubalika kisheria kuwa ushahidi. Piga simu mara moja kwa mtandao wako wa fedha uombe muamala uzuiwe. Ujumbe wa kitapeli usambaze kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na utoe taarifa polisi. Malalamiko ya biashara ya udanganyifu hupelekwa Tume ya Ushindani. Ya ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. Ya bidhaa inayodaiwa kuwa dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Aliye Zanzibar aende kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar au Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Mtu akiwa ameyameza mafuta, usimtapishe. Mpeleke hospitali haraka, na uichukue chupa pamoja naye.

Zoezi

Soma matangazo mawili yafuatayo, kisha upige mstari chini ya kila neno ambalo mnunuzi anaweza kulihakiki.

Tangazo A: "Mafuta bora kabisa ya karafuu, safi, yenye nguvu ya ajabu. Maelfu wamepona. Wahi yako!"

Tangazo B: "Mafuta ya makonyo ya mkarafuu, Syzygium aromaticum, kutoka Pemba. Mililita 10, chupa ya kahawia. Namba ya toleo na tarehe ziko kwenye lebo. Si ya kunywa. Weka mbali na watoto."

Katika Tangazo A hupati mahali pa kupiga mstari. Katika Tangazo B unapiga mstari karibu kila mahali, na kila mstari ni jambo ambalo muuzaji anaweza kuulizwa likiwa si kweli. Sasa chukua tangazo moja ulilotumiwa wiki hii, ulisome na jirani au mwanao, na mlifanyie zoezi hilo hilo kabla ya kutuma fedha.