ANTENA NYEMBAMBA YA NDANI YA NYUMBA

Katika jarida letu mmezoea kusoma juu ya ngeli na methali. Leo nawaletea somo la sayansi kwa lugha yetu wenyewe. Sisi wanafunzi wa Kiptere tunaposikiliza taarifa ya habari katika Radio Taifa, tunapata mwalimu wa Kiswahili wa bure. Redio ikianza kukoroma, mwalimu huyo amenyamaza.

Wengi husema eti dawa ni kupanda paani na kusimamisha mlingoti mrefu wa chuma. Mimi sikubaliani nao. Huku kwetu kwenye majani chai, radi na mvua ya mawe si wageni. Mlingoti juu ya kilima ni sawa na kuialika radi sebuleni. Isitoshe, kinachotakiwa kwanza ni kipimo sahihi. Ukubwa si hoja.

Katika miaka ya 1880, Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo. Ndiyo sababu masafa hupimwa kwa hezi. Waya hunasa mawimbi vizuri ukiwa na urefu wa karibu nusu ya wimbi. Hesabu ni rahisi: gawanya 300 kwa masafa ya kituo, yaani zile megahezi, nawe utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kituo cha FM kilicho kwenye 100 kina wimbi la mita 3. Nusu yake ni mita 1.5, basi kila mkono wa antena ni sentimita 75. Punguza asilimia 5 hivi, ubaki na sentimita 71.

Sasa tuitengeneze. Kwanza, chukua waya pacha wa spika wa mita 3 hivi. Pili, tenganisha nyuzi zake mbili kwa sentimita 71, kisha uzitandaze kushoto na kulia kama herufi T. Tatu, funga uzi palipoanza kugawanyika ili usiendelee kuchanika. Nne, kwenye redio ndogo ya betri, unganisha ncha moja na antena yake ya kuvuta, na ya pili na upande hasi wa betri. Tano, bandika mikono ukutani kwa selotepu, au uifiche nyuma ya pazia.

Mahali pa kuibandika pana maana sana. Mawimbi ya FM husafiri karibu moja kwa moja kama mwangaza, na mabati huyazuia. Kwa hiyo isogeze karibu na dirisha, mbali na mabati na chaja za simu. Mikono isielekeze ncha zake kwa mtambo wa kituo, kwa maana huko ndiko inakosikia vibaya. Jaribu kuilaza, kisha uisimamishe, uchague panaposikika vizuri.

Watu wanaoishi kwenye maghorofa, kama kule Nairobi, hawana paa lao. Mwenye redio ya skana, ile inayopekua masafa mengi, anaweza kutumia hesabu hii hii. Ndege huzungumza kati ya megahezi 118 na 137. Kwa 127, kila mkono ni kama sentimita 56, na waya husimamishwa wima. Lakini jamani, mawasiliano ya polisi si ya kudukua. Mpekuzi huweza kujitia matatani.

Tahadhari mbili za mwisho. Waya wako usiguse kamwe nyaya za stima. Na radi ikianza kunguruma, hata kama antena iko ndani, ichomoe na uzime redio. Habari zitarudiwa, maisha hayarudiwi.

Zoezi: Kituo kiko kwenye 90. Kila mkono utakuwa na urefu gani? Ukipata sentimita 79 hivi, umeelewa somo. Kaka na dada, chukueni waya mjaribu!