Maoni ya Mtumiaji na Namna ya Kuyapima

Katika somo hili twataka kujifunza jambo moja: mtu akisema kwamba chombo fulani ni kizuri au ni kibaya, tutayapimaje maneno yake? Jambo hili si dogo. Katika vijiji vinavyoizunguka Nagongera simu moja yaweza kuwa bei ya mbuzi, na mara nyingi mwanafunzi, au kijana aliyekwisha maliza shule, ndiye aulizwaye na wazee wake, "Mwanangu, tununue ipi?" Akijibu ovyo, mbuzi amekwenda bure. Basi yatupasa tujue namna ya kuuliza kabla ya kujibu.

1. Nani asemaye? Wahenga walisema: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Muuza simu ataisifu ile iliyobaki dukani. Aliyenunua jana ataisifu pia, maana hataki kuonekana kwamba alipoteza fedha zake. Wote wawili huenda wakasema kweli, lakini maneno yao hayatoshi. Mtafute yule aliyekitumia chombo mwaka mzima, kiangazi na masika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

2. Anakitumia kwa kazi gani, na mahali gani? Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu iitwayo Nokia 1100. Haikuwa na kamera. Ilikuwa na tochi, vitufe vyake vilifunikwa kuzuia vumbi, na betri yake ilidumu siku kadhaa. Kwa mtu mwenye umeme nyumbani, tochi katika simu ni mchezo tu. Kwa mtu arudiye kutoka sokoni usiku, au aendaye kumtazama ng'ombe anayezaa, ni jicho la pili. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Basi asemaye "haina kamera" na asemaye "inanifaa sana" hawapingani. Kila mmoja asema habari za maisha yake mwenyewe.

Mfano wa pili uko mpakani kwetu. Mfanyabiashara wa Busia au Malaba ana wateja pande zote mbili, nao hutumia shilingi mbili, ya Uganda na ya Kenya. Kwake simu ya laini moja ni nusu ya simu. Kabla ya simu za laini mbili kuenea, watu wengi walibeba simu mbili, au walitoa laini na kutia nyingine mara kwa mara. Tecno, alama ya kampuni ya Transsion iliyoanzishwa China mwaka 2006, ilipata wanunuzi wengi Afrika kwa kuwapa simu za laini mbili kwa bei nafuu. Lakini mkulima asiyevuka mpaka, na ambaye jamaa zake wote hutumia mtandao mmoja, hana haja kubwa ya laini ya pili.

3. Anatenda nini? Huenda mtu asiseme neno lo lote, lakini matendo yake ni maoni. Zamani, kabla ya huduma ya fedha kwa simu kufika Uganda, watu walibuni njia yao wenyewe. Aliyekuwa mjini alinunua vocha, akampigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea namba za siri. Mwenye kibanda alijitilia muda wa maongezi, akachukua ujira wake, na fedha iliyobaki akampa mama au ndugu wa yule wa mjini. Hakuna kampuni iliyowafundisha.

Mambo kama hayo yalionekana Kenya pia. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 na 2006, Nairobi na Thika, nia yake ilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Lakini waliojaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye huduma waliyaona hayo, wakaibadili kazi yake, na Machi 2007 Safaricom ikaifungulia nchi nzima, ikiwaalika watu kutuma fedha nyumbani. MTN ilianza huduma ya namna hiyo Uganda mwaka 2009. Twaona basi kwamba mtumiaji wa kawaida, asiyejua programu hutungwaje, aweza kumfundisha aliyeitunga.

4. Ana sababu gani? Malalamiko bila sababu ni kelele. Malalamiko yenye hesabu yana nguvu. Tarehe 1 Julai 2018 Serikali ya Uganda ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 juu ya fedha za simu. Watu wengi walilalamika. Wenye hesabu walieleza hivi: mama akipokea shilingi 100,000 za karo, hukatwa 1,000, akizitoa kwa wakala, hukatwa tena karibu 1,000, nazo ni fedha zile zile. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aliifahamu. Mwaka ule ule Bunge liliirekebisha sheria: kodi ikawa nusu ya asilimia 1, tena juu ya kutoa fedha tu. Sisemi kwamba hesabu peke yake ndiyo iliyoleta badiliko hilo, lakini ni vigumu kumjibu mtu aonyeshaye ni shilingi ngapi zilizomtoka.

Kwa hiyo, ukiulizwa na mzazi wako, usianze kwa kutaja jina la simu. Anza kwa kuuliza: Utaitumia kwa kazi gani? Utaitia chaji wapi? Utampigia nani zaidi? Ikiharibika, nani ataitengeneza karibu nasi? Majibu yake yatakuonyesha ya kununua. Wala usiyadharau maoni ya bibi kwa sababu hakusoma. Akisema maandishi ni madogo mno, hilo ni kosa la simu, si la macho yake.

Maswali

1. Kwa nini maneno ya mtu aliyenunua simu jana hayatoshi?
2. Waliojaribu M-Pesa waliwafundisha nini wenye huduma?
3. Mama amepokea shilingi 60,000 kwa simu, kisha akazitoa kwa wakala. Kwa kodi ya Julai 2018 angekatwa kiasi gani? Na baada ya sheria kurekebishwa? Usihesabu ada ya wakala.
4. Wakati wa likizo waulize watu watatu habari za simu zao: mzee mmoja, mwendesha bodaboda mmoja, na mwenye duka mmoja. Andika maneno yao kama walivyoyasema, kisha eleza kwa nini hawakukubaliana.