Mwandiko mbaya si uvivu



Somo la mwezi huu linahusu watoto wanaopata shida kuandika kwa mkono. Huenda mtoto wako anajibu vizuri kwa mdomo, lakini daftari lake halisomeki. Herufi zinapanda na kushuka, anasema vidole vinamuuma, na wenzake humaliza kabla yake. Huko tulikotoka, mtoto kama huyu huitwa mvivu, na mara nyingi huchapwa. Uswidi ilikataza kumpiga mtoto tangu mwaka 1979. Lakini hata pasingekuwa na sheria, fimbo haifundishi vidole. Inachomfundisha mtoto ni kuchukia shule.

Kwa nini anashindwa?

Kwanza, huenda hajapata mazoezi. Mtoto aliyesoma kambini, wanafunzi wengi darasani na madaftari machache, anahitaji muda tu.

Pili, macho. Asiyeona ubao vizuri hawezi kunakili vizuri.

Tatu, mkono. Wengi wetu tulikatazwa kutumia mkono wa kushoto. Hapa mtoto huandika kwa mkono ulio mwepesi kwake. Tafadhali msimlazimishe kubadili.

Nne, kuna hali iitwayo DCD: ubongo unapata shida kupanga mienendo ya mwili. Inakadiriwa kuwa watoto 5 au 6 kati ya 100 wanayo. Mara nyingi mtoto huyu hupata shida pia kufunga vifungo na kamba za viatu, kutumia kisu na uma, au kudaka mpira. DCD haina maana kwamba hana akili.

Nani anaweza kumsaidia?

Mtaalamu wa kazi hii kwa Kiswidi anaitwa arbetsterapeut. Kwa Kiswahili tunaweza kusema mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Si mwalimu, wala si daktari wa wagonjwa wa akili. Kazi yake ni kumsaidia mtu aweze kufanya shughuli zake za kila siku. Hapa Stockholm wanasomea Karolinska Institutet. Tanzania wanafundishwa KCMC, Moshi.

Humtazama mtoto anavyokaa, anavyoshika kalamu na anavyoibonyeza kwenye karatasi. Kisha anaweza kushauri kalamu nene, meza ya kimo kinachomfaa, au mazoezi ya vidole. Shule nayo inaweza kumruhusu mtoto kutumia kompyuta, kumwongezea muda, au kumwacha ajibu kwa mdomo. Huko si kumdekeza. Mwalimu anataka kujua mtoto anaelewa nini, na mwandiko usimfichie.

Uanzie wapi?

1. Zungumza na mwalimu wa darasa. Usingoje mkutano wa wazazi.
2. Omba kuonana na elevhälsan, yaani timu ya afya na msaada shuleni. Humo yumo muuguzi wa shule na mwalimu wa mahitaji maalumu. Kama kuna dalili kwamba mtoto anahitaji msaada maalumu, sheria ya shule inamtaka mkuu wa shule ahakikishe uchunguzi unafanyika haraka.
3. Si kila shule ina arbetsterapeut. Muulize muuguzi wa shule au vårdcentral yenu mtoto apelekwe wapi. Unaweza pia kupiga simu 1177.
4. Omba mkalimani unapopanga miadi. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari zake mwenyewe.

Najua baadhi yenu mnaogopa kwamba mkiomba msaada mtaitwa socialtjänsten. Kuomba msaada wa mwandiko si kosa, na hakuonyeshi kwamba umeshindwa kulea. Shule hufurahi mzazi anapokuja mapema.

Mazoezi ya nyumbani

Vidole hupata nguvu kwa kazi, na jikoni kwetu kazi haikosekani. Mpe mtoto akande unga wa chapati, amenye karanga, achambue maharage au mchele, akamue kitambaa kilicholowa, aanike nguo kwa vibanio. Anapoandika, nyayo zake ziguse sakafu na viwiko viegemee mezani. Kama miguu inaning'inia, weka kiboksi chini. Dakika 10 kila siku zinatosha. Akichoka, mwache apumzike, na msifu kwa herufi moja iliyokaa vizuri badala ya kuhesabu zilizopinda.

Sentensi za kukata na kwenda nazo shuleni

*Mitt barn har svårt att skriva för hand.* Mtoto wangu anapata shida kuandika kwa mkono.

*Kan vi få träffa en arbetsterapeut?* Tunaweza kuonana na mtaalamu wa tiba kwa vitendo?

*Vi behöver tolk på swahili.* Tunahitaji mkalimani wa Kiswahili.

Chukua pia kurasa mbili tatu za daftari la mtoto. Mwalimu akiziona, utakuwa umeeleza nusu ya shida kabla ya mkalimani kusema neno.